Kilemba Kilichokatwa Kifupi

Kila mara mfalme alipotangaza safari ya Bara Hindi kupigana na Wamaratha, Zarmina, mjane aliyekuwa akipinda na kushona ncha za vilemba dukani kwa mzee muuza vitambaa, alijua kwamba mzee huyo ataacha utani. Siku nyinginezo mzee yule alikuwa na mdomo mchafu kuliko wote katika soko la Kandahar. Msimu wa vita hakupima kichwa cha mtu. Alimsimamisha mteja wima, akamnyooshea kitambaa kutoka utosini hadi nyayoni, akaongeza shubiri mbili kila upande, kwa kuwa kilemba cha askari ndicho sanda yake.

“Mzee, kirefu mno, utanivunja shingo!”

“Vaa. Siku ukikihitaji hutalalamika.” Mkasi ukapita umenyooka.

Mara hii aliyekuja kukatiwa kilemba cha vita ni mwana wa pekee wa mzee. Mzee hakumsimamisha. Alikata haraka haraka, mkasi ukaenda upogo.

“Baba, hiki si nusu? Hakinifiki hata miguuni!”

“Kichwani kinatosha. Nusu nyingine naiweka hapa. Urudi uichukue.”

Theluji ilipoyeyuka, rafiki wa kijana alifika dukani akivuta farasi wawili, mmoja hana mtu.

“Tumeshinda, baba,” alisema, macho chini.

“Mlimzika na nini?”

“Na kilemba chake. Kiliishia magotini. Miguu tuliifunika kwa majani.”

Mzee aliishusha ile nusu kutoka rafuni, akampa Zarmina.

“Ipinde ncha.”

Zarmina aliipinda polepole sana, maana akimaliza, hapangekuwa na mtu wa kumpa.