Veto ni Kusimama Mwenyewe

Iko siku moja ya miaka ya tisini ambayo haijanitoka, mjukuu wangu, na leo nataka uibebe wewe.

Babu yako tulikuwa tumemzika hapa Iguhu, udongo wa kaburi bado haujashikana. Mama yako, Muhonja, alikuwa kidato cha pili. Shemeji yangu Lubanga akaja akaniambia wageni watafika Jumamosi kumposa, ng'ombe wameshakubaliwa. Kazi yangu mimi ni kupika kuku.

Wajua kwetu kuku, ingokho, si mboga tu. Mgeni asipopikiwa kuku hajapokelewa, na maneno aliyokuja nayo anarudi nayo kwao. Firigisi ni ya mwanamume mwenye boma. Lubanga alishajiona ndiye.

Jumapili, baada ya misa, nikamlilia katekista wetu, Mzee Anselimo, aliyesomea upadre akaacha njiani. Nikamwuliza kwa uchungu, "Muhonja anasema mataifa makubwa yana kitu kinaitwa veto. Wote wakubali, mmoja akikataa, basi. Inauzwa wapi nami ninunue?"

Hakucheka.

"Mama Muhonja, hilo neno Waingereza walilichukua tu. Ni Kilatini. Maana yake ni 'nakataza'. Zamani kule Roma, wanyonge walikuwa na mtetezi wao. Wakubwa wakitaka kuwaonea, anasimama katikati yao anakataza. Lakini sharti awepo yeye mwenyewe. Akikaa kwake analia, haishiki."

Nilikuwa nimelia jikoni wiki nzima, mwanangu. Nikafuta machozi, nikarudi nyumbani.

Jumamosi wageni wakajaa sebuleni. Muhonja nilimweka nyuma ya nyumba na sare yake ya shule mwilini. Lubanga akapaza sauti, "Shemeji! Kuku iko wapi? Watu wana njaa!"

Nikaingia na jogoo kwapani.

"Iko hapa. Bado inapumua."

Mmoja akacheka, akidhani ni mzaha.

"Nani amekuita huku, wewe mwanamke?" Lubanga akafoka.

"Hakuna. Nimejiita. Huyu mtoto nimemzaa mimi, na anasoma. Nakataza."

Miguu ilinitetemeka hadi jogoo akaanza kupiga mabawa. Mzee wa wageni akamtazama yule jogoo, akanitazama mimi, akachukua kofia yake.

"Twendeni. Hapa hatujapikiwa."

Lubanga hakunisalimia tena mpaka tulipomzika. Hilo nalo ulijue, sitaki kukudanganya. Kukataza kunauma.

Jioni ile tulimchinja yule jogoo. Wasichana hawakuwanga wakionjeshwa firigisi, lakini niliichota nikaiweka kwenye ugali wa mama yako. Nikamwambia, "Tafuna." Akatafuna huku machozi yanamtoka. Jumatatu akaenda shule.

Basi, mwanangu, siku watu watakapokaa kukata shauri la maisha yako au ya mtoto wako, usitume salamu. Usilie kando ukingoja mtu akusikie. Ingia pale walipo, useme kwa kinywa chako, halafu unyamaze, usijieleze sana. Mimi sikumaliza hata darasa la nne, lakini neno hilo moja la Kilatini nimelijua kwa miguu yangu.

Mungu akupe sauti siku hiyo. Na miguu ikitetemeka, aiache itetemeke, bora usianguke.