Siku Wacuka Alipomuua Waweru kwa Karatasi

Jina lake kamili ni Tabitha Wacuka Gichuru. Baba yake, Gichuru, ndiye aliyewaonyesha majirani wa Kimana jinsi ya kuleta maji ya mfereji mpaka kwenye vitunguu. Nyanya yake, Wacuka wa kwanza, alikaa siku nne juu ya mpaka wa shamba lake, akipikia hapo hapo, mpaka wapimaji wakarudisha bikoni, jiwe la mpaka, mahali walipoling'oa. Yeye mwenyewe aliuza vitunguu Kitengela miaka ishirini na sita, akasomesha watoto watatu, kisha alipofika hamsini na saba akajiandikisha chuoni kusomea digrii ya kuwa msaidizi wa kisheria. Watu wakimwita wakili huwakatiza: "Wakili anasimama mbele ya jaji. Mimi nasimama na wewe kabla hujafika huko."

Mwaka wa nne likabaki jambo moja tu. Mwalimu wake, Bi. Sankale, alitaka faili moja ya urithi, iliyotayarishwa na Wacuka, ipokelewe na kugongwa muhuri kwa masjala ya korti ya Kajiado. Mwisho ni Ijumaa saa saba. Isipopokelewa, anarudia mwaka. Na gauni la kuhitimu lilikuwa limening'inia mlangoni, mjukuu wake Jackie ashalijaribu mara mbili!

Faili ilikuwa ya jirani, Cucu Waceke, yaani Nyanya Waceke, mjane wa Mzee Waweru Njuguna. Ijumaa hiyo alifika Kajiado akishikwa mkono na mjukuu wake, mwanaume wa miaka thelathini mwenye ndevu, ambaye ndiye mdhamini wake kortini. Huyo naye ni Waweru Njuguna, maana kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu. Cucu Waceke humwita "mume wangu", na kijana huitika bila aibu.

Karani, Ledama, akafungua faili, akasalimu kwa Kimaasai. "Sopa, mama."

"Epa," Wacuka akaitika kwa lugha hiyo hiyo.

Ledama akaangalia kopi ya kitambulisho cha marehemu, akamwangalia yule mwenye ndevu, akarudi kwa kopi.

"Mama, marehemu si ndiye huyu ameshika mfuko wa cucu?"

Akafungua ukurasa mwingine. "Na mdhamini wake ndiye amekufa!"

Wacuka akaona meza yake ya Jumapili, kopi mbili kando kwa kando. Majina alikuwa amekagua herufi kwa herufi, mara tatu. Nyuso hakuangalia hata mara moja, na kopi ya babu ikakaa mahali pa ile ya mjukuu.

"Wueh!" Cucu Waceke akapiga makofi. "Mume wangu, umekufa tena na hujaniaga?"

"Cucu, nimekufa lakini niko na njaa. Msinizike kabla ya lanchi."

Makarani wengine wakatoka kuona maiti inayoongea. Wacuka naye, mwaka wake ukiwa unaning'inia kwa uzi, akashikwa na kicheko mpaka akashikilia kaunta.

"Mama, siwezi pokea mtu aliye hai kama marehemu," Ledama akasema akipangusa macho. "Rekebisha. Saa saba nafunga."

Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Wakavuka barabara mbio mpaka saiba, duka la kompyuta, Jackie aliyekuja na nyanya yake akachapa, Wacuka akakagua: uso kwanza, mwaka wa kuzaliwa, kisha namba, jina mwisho. Cucu alipaswa kuapa upya, na wakili wa kuapisha alikuwa orofa ya tatu. Marehemu akambeba mjane wake mgongoni, ngazi zote, cucu akimhimiza, "Kaza mwendo, mume wangu, siku zako za uhai umelala sana!"

Saa saba kasoro dakika saba, Ledama akaangalia uso. Akaangalia mwaka. Akainua muhuri. Pa!

Cucu Waceke akapiga vigelegele vitano.

"Vitano ni vya mtoto wa kiume akizaliwa, cucu," Jackie akacheka.

"Si amezaliwa leo? Huyo hapo!"

Nje, Wacuka akatoa kwa mkoba daftari lake la darasani na kalamu nyekundu, akampa Jackie, ambaye jina lake la nyumbani pia ni Wacuka.

"Jumapili ukae mlangoni kwa kanisa. Andika kila jina linalobebwa na watu wawili, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja. Anza na mimi na wewe. Sitaki siku yangu ikifika wakuzike wewe."