Mteremko Nisioushuka

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawa. Siandiki ili mnionee huruma. Niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unalala kama migomba iliyopigwa na upepo. Wazee wengi watawaambia utoto wao ulikuwa mtamu. Wangu nao ulikuwa mtamu, ila utamu wenyewe aliula mwingine, na mimi wivu wake ninao mpaka leo.

Kiangazi hiki walipita watu wa baiskeli hapa kwetu Kamuli. Wanne, wamejaa vumbi, mifuko imening'inia pande zote za magurudumu. Watatu ni wageni wa ng'ambo; aliyewaongoza alikuwa binti wa Bukoba. Walisimama kwangu kuomba maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, bibi. Tunatembea tu. Tumefuata ufuko wa ziwa siku mbili, halafu tukapanda huku milimani kuangalia nchi."

"Na hiyo mifuko?"

"Nguo zetu na mahema."

Mawe, mama yangu! Watu wazima wanapandisha milima yote hii kuzitembeza nguo zao. Ningecheka, lakini nilikuwa nimemwona mmoja wao akivua kofia. Mwanamke. Mvi zake nyingi kama zangu, mikunjo ya uso kama yangu, na ameshika baiskeli yake mwenyewe. Maji niliwapa. Ndizi mbivu zilikuwepo ndani, mkungu mzima. Sikuwapa.

Wifi yangu, mjane wa kaka, anakaa kibanja cha pili, ng'ambo ya migomba yangu. Huyo akisikia wageni lazima aje, na kitambaa kipya kichwani. Alifika wakati binti ananiuliza habari za njia. Hapo nilijaa majivuno. Nani anaujua mlima wetu kama mimi? Nikamwambia: mbele kuna kona ya udongo mwekundu, hapo shukeni msukume, msijidanganye. Penye jiwe kubwa pumzikeni kwa kusimama, maana ukikaa miguu inakataa. Binti anaandika kwenye simu, mimi nasema.

Yule mwenye mvi akauliza neno kwa lugha yao. Binti akanigeukia: "Anasema, bibi, na kushuka upande wa pili kukoje?"

Nikainama kuokota vikombe vyao.

"Niulizeni mimi!" akadakia wifi. "Kwanza tumbo linakushika, halafu upepo unaziba masikio, halafu ukifumbua macho, daraja hilo hapo!" Wakacheka wote. Wakampiga picha yeye.

Sasa niwaambie kwa nini mimi, niujuaye mlima, sikuweza kuueleza mteremko.

Nilipokuwa msichana, baiskeli hapa ilikuwa punda. Kaka alikuwa nayo moja nyeusi. Siku ya gulio baba anakata mikungu kungali na umande, kaka anafunga miwili kushoto, miwili kulia na mmoja juu, kwa mipira ya tairi. Anafunga na kijiti kwenye usukani ili aiongoze akitembea pembeni. Mimi nakaa nyuma. Namaanisha nasukuma, kichwa na bega kwenye mkungu, macho yangu yanaona ardhi na miguu yangu tu. Utomvu wa ndizi ulichora doa jeusi begani kwa gauni langu, na doa la utomvu halitoki, hata ufue kwa jivu. Shuleni waliniita Bega.

Tukifika kileleni kaka anakaa juu ya mlingoti wa fremu, mbele ya mikungu, anapiga kengele, anakwenda. Breki yake ilikuwa kandambili ya tairi, aliikandamiza kwenye gurudumu la mbele. Mimi nabaki kileleni na harufu ya mpira unaoungua. Kisha nashuka kwa miguu. Namkuta ng'ambo ya daraja, kivulini, anatafuna punje za kahawa, na neno lake ni lile lile: "Umechelewa." Halafu mlima wa pili, bega langu tena.

Wakati wa kurudi mikungu hakuna, kwa hiyo mtasema angenipakia. Nami nilimwambia hivyo. Akafunga dagaa, chumvi na mafuta ya taa kwenye kiti cha nyuma, akasema, "Dagaa hawana miguu. Wewe unayo."

Bibi yangu naye alikuwa upande wake. "Mwanamke hapandi magurudumu," alisema huku anamenya ndizi za mchana, maganda yanaanguka mapajani. "Miguu yake ni ya kibanja." Bibi hakuwa mbaya. Ndizi zake na maharage mabichi, zikiiva chini ya majani ya mgomba, harufu yake ilikuita toka kisimani, na mapande ya chini yaliyogusa moto aliniwekea mimi. Lakini neno lake halikuwa na mlango wa nyuma.

Mwaka mmoja kaka akataka mabega zaidi, maana mbali na ndizi kulikuwa na magunia ya kahawa. Akaniahidi: "Sukuma mpaka kahawa iishe. Gulio la mwisho nakupakia, unashuka mpaka mtoni." Nikasukuma. Nikasukuma na homa. Msiniulize magulio mangapi. Kila nikilala naona nimekaa kule nyuma, nimemshika kaka mkanda, miti inakimbia.

Gulio la mwisho likafika. Nilifua gauni. Tulipofika kileleni, alikuwepo binti wa jirani, amesimama kando ya njia na kikapu cha mayai, amejifunga kanga mbili za rangi moja. Kaka hakuniangalia. Alihamisha mkungu wa juu akauweka majanini, akapangusa mahali pake kwa mkono wa shati, kisha akanipa kile kikapu.

"Mshikie wifi yako mayai."

Akakaa yule msichana, kiupande, kanga zinapepea. Waliposhuka niliwasikia. Kicheko cha yule msichana kilitoka mtoni kikapanda mlima wote mpaka pale nilipo, na mimi nimesimama na mayai yake, na mkungu nao unaningoja niubebe kichwani.

Mayai mawili yalivunjika. Nilisema nimejikwaa. Sikujikwaa.

Jioni nikamwuliza bibi, mbona yule amepanda magurudumu? Akasema, "Yule anapelekwa. Wewe ulitaka kwenda." Nimelitafuna neno hilo maisha yangu yote kama kahawa, na bado chungu.

Baiskeli ile ililiwa na kutu. Ndizi siku hizi zinafuatwa na lori mpaka mlangoni, na mlimani ukinusa hunusi mpira, unanusa moshi wa pikipiki. Kaka tumemzika. Wifi ni mwenzangu wa kahawa ya jioni, nikiumwa ndiye anayenipikia uji, na bado kila mwaka lazima anikumbushe: "Wifi, siku ile nimeshuka!" Kama vile nimesahau.

Wale wageni walipoaga, yule mwenye mvi aliishika baiskeli yake, akaielekeza kwangu, akapigapiga kiti. Karibu, ndiyo maana yake. Niliwaambia magoti yananiuma. Hayaumi. Wifi alikuwa anaangalia, na mimi sikutaka anione nikitamani kitu nilichonyimwa kwa ajili yake. Wakaenda. Nikabaki natazama mgongo wa mwanamke wa rika langu unavyopungua.

Kesho yake asubuhi nilikaa mlangoni nachagua maharage. Wajukuu wangu wawili wanachota maji bondeni kwa baiskeli ya nyumba hii. Nikawaona kwa mara ya kwanza, ingawa huwaona kila siku. Kwenda, mvulana amekalia, anateremka anapiga mluzi, dada yake anakimbia nyuma na madumu matupu. Kurudi, madumu yamejaa, msichana yuko nyuma, kichwa chini, bega kwenye dumu. Kaka yake anaongoza usukani.

Walipofika uani wakamimina maji pipani ili warudi tena, nikamtazama yule msichana begani. Pamelowa. Sitawadanganya: hata yeye nilimwonea wivu, kwa lile nililokuwa karibu kulisema. Wifi alikuwa uani kwangu kuazima ungo. Nikasema kwa sauti ili na yeye asikie.

"Kuanzia leo, katika nyumba hii, anayesukuma ndiye anayeshuka. Wewe msichana, panda. Wewe mvulana, mshikie dada yako madumu."