Umeme wa Kaka Idi

Juzi mteja kutoka Mkuza aliniletea kompyuta ya zamani niitengeneze, akauliza kama itabeba kadi ya grafiksi. Harufu ya vumbi lililoungua ikanirudisha Kisarawe, mchana ule kaka Idi alipofungua yake. Alisema ikibeba kadi atahariri video za harusi hapohapo nyumbani, haendi Dar. Akasoma lebo ya pawasaplai.

"Umeme hautoshi."

Nikakimbia kuzima redio, feni, hadi friji lenye barafu za mama za kuuza.

"Sasa je?"

Akacheka, akaigonga pawasaplai. "Dogo, ni umeme unaotoka kwenye hili boksi!"

Kesho yake akaondoka kwenda Dar. Waliosema katukimbia niliwapiga.

Leo najua: angebadilisha pawasaplai tu, angebaki. Nikampigia kumweleza.

"Kompyuta gani, dogo?"