Mama wa Watu Hapandi Basi

Siku nilipoanza kungoja basi hapa mtaani kwetu, Madinat Sultan Qaboos, hakuna aliyenitukana. Bora wangenitukana. Walisimamisha magari.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa kaka yangu. Alinipita, akarudi kinyumenyume huku watu wanampigia honi, akateremsha kioo. "Shangazi, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, macho yangu hayawezi tena kuendesha, nnangoja basi. Akaona haya yeye, kama kwamba mie nimesema neno la aibu. Nikakataa kupanda, akashuka akanishika mkono. Sasa mtu mzima mie nitavutana na kijana barabarani? Nikapanda. Akanirudisha kule kule nyumbani nilikotoka, na akaondoka anaona kanifanyia ihsani.

Nilikuwa nnataka kwenda Sidab kwa dada yangu. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa, na sasa miguu haimchukui, hatoki ndani. Mwanangu mkubwa, ambaye nakaa kwake, alipoachana na mkewe alimposa binti wa dada yangu. Binti hakutaka, na dada akasema mtoto wake halazimishwi. Basi mwanangu akaapa gari lake halitofika mlango ule, na wadogo zake wote wanamwogopa. Mie sikuapa kitu.

Mabasi ya mji huu ni mazuri, yana kiyoyozi, ungependa mwenyewe. Lakini jamaa zetu hawayapandi. Hayo wamewaachia Wahindi na wasichana wa Kikenya wanaofanya kazi za majumbani. Akionekana mmoja wetu kituoni na buibui lake, ukoo mzima umevuliwa nguo. Jirani yangu mmoja alisimama pale akaniuliza kwa sauti, watu wote wanasikia, "Watoto wako wanajua?" Nikamwambia watoto wangu si askari wangu. Hakuondoka mpaka nimeingia garini mwake.

Mara iliyofuata nikavaa nikabu, mie ambaye sijapata kuivaa maisha yangu. Wakapita wote, hata mtoto wa kaka yangu, hakuna aliyegeuza shingo. Nikapanda basi mpaka Ruwi. Pale nikachukua teksi ya kuchangia, na kabla sijakaa dereva akamtoa kijana aliyekuwa kiti cha nyuma, ati nisikae ubavuni mwa mwanamume. Nikamwambia muache, huyu mjukuu wangu kwa umri. Akajifanya hasikii. Yule kijana akabaki juani, ananitazama kwa chuki.

Dada aliivua ile nikabu usoni kwangu kwa mikono yake, akalia.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Kwa basi."

"Wee mwendawazimu," akasema, na hakuniachia mkono mpaka chakula kilipokuja. Tulikula samaki, tukawasengenya watu wote tunaowajua, waliokufa na walio hai. Nilipoaga alisema, "Njoo kila Alkhamisi. Mie sijui nina Alkhamisi ngapi tena." Nikamuahidi.

Wakati wa kurudi joto lilinishinda, nikavua nikabu Ruwi, na mtu akaniona. Mwanangu alikuwa keshapigiwa simu. Nilimkuta kasimama sebuleni na nguo zake za kazini.

"Mama, umenidhalilisha. Watu wananiuliza mama yako ana nini hata anaranda na mabasi."

"Waambie anakwenda kumuona dada yake."

Kabla wiki haijaisha akaniletea gari jipya, jeupe, na dereva wake Mkenya. Simu zikamiminika. Mashaallah, mtoto mwenye radhi. Mashaallah, nani siku hizi anamfanyia mama yake hivi. Na mie mjinga nikafurahi.

Alkhamisi nikavaa, nikaingia garini. "Twende Sidab."

Dereva akashika usukani na asiwashe gari. "Mama, pole. Bosi amesema nikupeleke popote unapotaka, lakini si huko."

Nikashuka. Nikaenda kituoni kwa miguu, na gari likinifuata polepole nyuma yangu, limewasha taa za hatari, majirani wamesimama getini wanatazama. Basi lilipotokea, yule dereva akaja mbio akasimama mbele yangu. "Mama, nakuomba. Ukipanda hili basi mimi nafutwa kazi leo, na nina watoto nyumbani." Hakuwa akinitisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Basi lilifungua mlango, likangoja, likafunga. Nilimchukia mtu yule siku ile, na hakunikosea kitu. Na mwanangu nilimchukia zaidi, nasema kweli, kwa sababu alijua mie sitoweza kumkatia mtu riziki yake.

Jioni dada akanipigia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nimesikia mwanao kakupa gari, na dereva juu. Hongera. Leo nimeshinda nnatazama mlango. Huna gari unakuja kwa basi, una gari huji?"

Ningemwambia kweli, jina la mwanangu lisingetajwa tena nyumba ile ila kwa laana, na laana ya dada yangu naiogopa kuliko yangu.

"Udhuru wako nini?" akaniuliza.

"Sina, dada," nikasema.