Mkwaruzo wa Lenzi na Kovu la Mama

Kamera yangu ya kwanza ya kupigia watu picha pale Galbet, mtaa wa Garissa, ilikuwa ya mtumba, na lenzi yake ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Lakini wateja wa Garissa, jamani! Hawa ni watu wa mifugo. Mbuzi hawamnunui kabla ya kumfunua mdomo na kumwangalia meno, sembuse kupigwa picha. Kila aliyekuja aliishika kamera, akaipuliza, akaigeuzageuza, kisha akauliza kama ule mstari utamtokea usoni. Nilichoka kuapa.

Siku moja akaja mama kutoka kambi za wakimbizi za Dadaab. Vita vya Somalia vilikuwa vimemtenganisha na mwanawe mdogo, na sasa mtoto alikuwa amepatikana Mandera, kwa watu wema. Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa amegoma kusafiri. Hamfuati mtu yeyote mpaka auone uso wa mamake, angalau pichani.

Mama akaukagua mkwaruzo, akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Walaal, ndugu yangu, hii itaharibu bicha."

"Wallahi hooyo, mama yangu, haitakuongezea alama hata moja!"

Nikamsimamisha jua likiwa nyuma yake, nikapiga. Filamu ikaenda kusafishwa, ikarudi. Hakuna mstari! Nikamkabidhi picha yake kwa maringo, nikingoja kusifiwa.

Akaitazama, kisha akagusa shavu lake la kushoto, penye kovu refu la meno ya ngamia. "Iko wapi hii?"

Lo! Kumbe jua likiipiga lenzi yenye mkwaruzo kwa mbele, picha hupauka, na vitu vidogo hupotea. Kovu lilikuwa limefutika kabisa. Nikajitetea, eti ametoka mrembo zaidi.

"Urembo wa nini?" akanifokea. "Mtoto alikuwa hapati usingizi mpaka ashike hapa. Uso wote uliobaki ameshasahau. Hii hawezi kusahau."

Roho iliniuma, sikatai. Nikamgeuza akaelekea jua, nikaikinga lenzi kwa kofia yangu, nikapiga upya. Safari hii kovu likatoka lote, kila jino na alama yake. Tukampa picha dereva wa lori la mbuzi aliyekuwa akielekea Mandera.

Lori liliporudi, mtoto alikuwa ameketi mbele. Dereva alituambia kwamba mtoto hakuuliza kitu. Aliweka tu kidole pichani, pale shavuni, kisha akaenda kutafuta viatu vyake.