Krosi za Upande wa Kushoto

Siku ya kwanza ya mazoezi kocha mpya hakutupa mpira. Alitupanga mstari mmoja kutoka chaki ya pembeni hadi chaki ya upande wa pili, akatuambia tuuvuke uwanja polepole tukiokota mawe. Tulikuwa watu wazima zaidi ya ishirini, wengine tumetoka moja kwa moja viwandani, Industrial Area, na mikono bado inanuka grisi, tukiinama kama watu wanaopalilia. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa nyumba za kanju, yaani za baraza la jiji, walitucheka hadi wakachoka. Yeye alisimama katikati, mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, filimbi shingoni, akingoja tumalize.

Tulipomaliza alitukusanya.

"Niliwatazama mwaka jana," alisema. "Mlikuwa mnaogopa kuanguka kwenye uwanja wenu wenyewe. Sasa hakuna mawe. Nataka kuona nani bado anaogopa."

Hakuna aliyecheka tena. Mwaka jana tuliponea kushuka daraja siku ya mwisho kabisa, dakika za mwisho, kwa penalti niliyoipangua kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa kipa. Watu walinibeba mabegani kutoka uwanjani hadi soko la mtaa wetu, Jericho, na kwa wiki nzima sikuweza kununua hata nyanya bila mtu kunishika ule mkono.

Wiki tatu baada ya penalti ile nilikuwa kazini, kwenye karakana inayotengeneza mageti na grili za madirisha. Chembe ya chuma iliruka kutoka kwenye grainda ikaniingia jicho la kushoto. Miwani ya kujikinga ilikuwa kwenye paji la uso. Nilikuwa nimeipandisha mwenyewe kwa sababu ya jasho. Daktari aliitoa ile chembe, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Jicho liliacha kuuma siku ya nne. Sikurudi.

Ukungu ulianza mwezi uliofuata. Ukutani mwa duka lililo mkabala na nyumba yetu pameandikwa kwa rangi nyekundu: maziwa, mkate, mayai, sukari. Kila asubuhi kabla ya kuvuka barabara nilifumba jicho la kulia na kusoma kwa la kushoto. Mwanzoni niliyasoma maneno yote manne. Baadaye nikawa nayasoma kwa sababu nayajua, si kwa sababu nayaona. Kisha ukuta wenyewe ukawa doa jeupe, na nikaacha kujipima.

Macho yote mawili yakiwa wazi, niliweza kuishi. Nilipanda ngazi, nilichomelea vyuma, nilidaka mipira iliyonijia kutoka mbele. Tatizo lilikuwa krosi za kushoto. Mpira ulipopigwa kutoka upande ule ulipotea njiani, kisha ukatokea karibu mno, mkubwa, tayari umefika.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Karakanani nilikuwa fundi mmoja kati ya mafundi wengi, na msimamizi aliniita "wewe wa mageti." Uwanjani nilikuwa mtu aliyeokoa timu. Nilijiambia nitaenda hospitali baada ya mechi ya kwanza ya ligi. Halafu nikajiambia baada ya mechi tatu.

Na timu ilikuwa inaamka. Hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Kocha alitufundisha kukimbia kabla ya kupewa mpira, na zaidi ya yote alitufundisha kuongea. Alikuwa akisimamisha mazoezi mtu yeyote anaponyamaza. Tulicheza mechi tatu za kirafiki tukashinda zote, moja dhidi ya timu ya daraja lililo juu ya letu. Fundi cherehani wa mtaani alitushonea jezi mpya za kijani. Watu walianza kuja kututazama tukifanya mazoezi tu, wakiwa wamebeba viti vyao. Mama aliyeniuzia mboga ya sukuma aliongeza mkono mwingine wa majani kwenye karatasi na kusema, "Kipa lazima ale. Mwaka huu ni wetu." Nilimshukuru, nikaondoka haraka kana kwamba nimemwibia.

Aliyeongea kuliko wote uwanjani alikuwa beki wetu wa kati. Tulikua naye mlango kwa mlango Jericho. Sasa alikuwa karani wa reli. Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa mtu wa kimya. Lakini tangu mwezi wa saba alikuwa akinipigia kelele bila kupumzika: "Kushoto. Bado. Bado. Toka sasa." Nilitoka aliposema nitoke, nikarusha mikono mahali aliponielekeza, na mara nyingi mpira ulikuwa hapo. Nilijidanganya kwamba ni mafunzo ya kocha tu.

Mechi ya mwisho ya kirafiki ilikuwa Jumapili, siku sita kabla ya ligi kuanza. Tukiwa mbele kwa mabao mawili, winga wao alipiga krosi kutoka kushoto kwangu. Beki alikuwa ameanguka mbali, hakuwa na nafasi ya kusema lolote. Nilisikia mguu ukigonga mpira. Baada ya hapo sikuona kitu mpaka nilipousikia ukiingia wavuni nyuma yangu.

"Jua," niliwaambia wenzangu, nikikinga uso kwa glavu.

Tulishinda mbili kwa moja, kwa hiyo hakuna aliyejali. Kocha alitupeleka soko la Burma kula nyama. Kipa wetu wa pili alikuwa mkata nyama kwenye bucha moja huko, mtu wa miaka thelathini na mitano, mpole, mwenye viganja vipana kama sinia. Alikuwa amekaa benchi nyuma yangu misimu sita na sikuwahi kumsikia akilalamika. Alivaa aproni yake juu ya suti ya mazoezi, akatukatia nyama mwenyewe kwenye ubao, na mbavu bora akazisukuma upande wangu.

"Namba moja kwanza," alisema.

Nilizila. Nakumbuka zilikuwa na chumvi kidogo kuliko nilivyotaka na sikuthubutu kuomba.

Nilipokwenda kunawa mikono, beki alinifuata. Alifungua bomba, akaliacha likimwaga maji ili wengine wasisikie.

"Jua lilikuwa nyuma yako," alisema.

Niliendelea kunawa.

"Nimekushikia hili jambo tangu mwezi wa saba, buda. Nilikuona ukipitwa na mpira mwepesi mazoezini, nikaanza kukuitia. Kocha anadhani nimejifunza kuongea. Leo amenisifu mbele ya watu."

"Nipe mechi moja tu."

"Mechi moja ya nini? Ikiingia kama ile ya leo, nitawaambia nini hawa watu? Kwamba nilijua?"

Nilitazama kule mezani. Walikuwa wamempokonya kocha filimbi na mtu mmoja alikuwa akiigiza jinsi refa alivyokimbia. Sikuwa nimewaona wakifurahi hivyo kwa miaka.

"Nipe hadi Ijumaa," nilisema.

"Ijumaa ikiisha hujamwambia kocha, nitamwambia mimi." Alifunga bomba, akarudi kula.

Wiki ile ilienda vibaya. Nililala vibaya, nikachoma kidole kazini. Jumatano jioni nilikuwa nikimimina chai nyumbani, nikaimwaga pembeni ya kikombe. Mama, aliyekuwa karani wa kanju hadi alipostaafu, alichukua kitambaa akapangusa meza. Kisha alinishika kidevu, akanigeuza uso dirishani kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo.

"Hili jicho lina weupe ndani," alisema. "Tangu lini?"

"Si kitu, mama."

"Sijauliza kama ni kitu. Nimeuliza tangu lini."

Nilimwambia. Aliniachia kidevu, akakikunja kile kitambaa mara mbili. Halafu akaniuliza kama kocha anajua, na niliposema hapana, aliinuka akaenda jikoni. Usiku ule hakuongea nami, na mimi sikumlaumu.

Ijumaa nilitoka kazini mapema. Nilimkuta kocha peke yake uwanjani akichora mistari kwa chokaa, suruali yake imekuwa nyeupe hadi magotini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilisema tu, "Kocha, jicho langu la kushoto halioni."

Aliweka kopo la chokaa chini. Aliniambia nifunike jicho la kulia kwa kiganja. Nikafunika.

"Niko wapi?"

Nilielekeza kidole mahali sauti ilipotoka.

"Nimeinua vidole vingapi?"

Nilibahatisha. "Viwili."

"Sijainua mkono," alisema.

Niliondoa kiganja. Alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwangu, mikono yote miwili mfukoni. Nilingoja anihurumie, na nadhani nilikuwa nimejiandaa kuikataa huruma hiyo. Hakuwa nayo.

"Wiki hii wenzako wanalala vizuri," alisema, "kwa sababu wanaamini nyuma yao yuko mtu. Ulikuwa unangoja nini?"

"Mechi ya kwanza tu, kocha."

"Na ya pili?"

Alichukua kopo lake, akaendelea kuchora mstari. Nilimfuata nyuma kama mtu anayengoja kupewa kazi. Alipofika kwenye kona alisimama.

"Leo kabla ya mazoezi utawaambia wewe. Si mimi. Kesho utakaa karibu nami. Jumatatu utaenda kwa daktari wa macho, na nitataka kuona karatasi yake."

Niliwaambia. Sikuyarefusha. Kipa wa pili alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Mikono yake ilisimama na haikuendelea. Hakuna aliyenitukana. Matusi yangekuwa afadhali. Walitazama chini, mmoja mmoja, na niliona kabisa ile imani ya miezi miwili ikiwatoka usoni. Beki alinikazia macho muda wote, sijui kwa hasira au kwa kunishika nisianguke.

Mshambuliaji wetu ndiye aliyeuliza. "Sasa?"

"Sasa tunafanya mazoezi ya kona," kocha alisema. "Zote kutoka kushoto."

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Habari zilikuwa zimeshaenea. Nilipopita watu walinyamaza, wakaanza kuongea tena nikishapita. Nilikaa benchi na glavu zangu mapajani. Sijui kwa nini nilizibeba.

Hapa nitasema jambo ambalo kwa muda mrefu sikulisema. Mechi ilipoanza nilimwombea kipa wetu mabaya. Sikutaka avunjike, sikutaka aumie. Nilitaka mpira mmoja umponyoke, mmoja tu, ili watu wageuke wanitazame mimi.

Nusu saa haikufika. Krosi ilitoka kushoto, ya juu, kipa akatoka akasita katikati ya njia, na mshambuliaji wao akaupiga kwa kichwa ukaingia. Uwanja mzima ukapoa. Mimi nilifurahi. Ilikuwa furaha kali, fupi, kama mtu aliyekunywa maji baridi, na ilipopita nilizisukuma glavu chini ya benchi. Kocha hakugeuza kichwa. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Amesitasita. Umeona alivyosimama?"

Nilikuwa nimeona. Kwa jicho moja, kutoka pembeni, niliona wazi kabisa: alikuwa akisubiri beki amwite, na beki, aliyezoea kuniita mimi, alikuwa hajafungua mdomo.

"Hakuna anayemwongelesha," nilisema.

"Basi nenda ukawaambie."

Wakati wa mapumziko nilimvuta kipa kando pamoja na beki. Nilimwambia beki amwite kama alivyokuwa akiniita, na nikamwambia kipa kwamba akianza kutoka asirudi, hata kama amekosea. Alinisikiliza akinitazama jicho lile baya, akatikisa kichwa kukubali. Kipindi cha pili nilisimama nyuma ya goli lake, ng'ambo ya chaki, na kila krosi ilipokuja nilisikia sauti ya beki: "Bado. Bado. Toka." Moyo wangu ulipiga kwa nguvu kila mara kuliko ulivyowahi kupiga nikiwa mle ndani. Tulisawazisha. Zikiwa zimebaki dakika chache walipata kona, mpira ukaja umejikunja kuelekea golini, na yule mkata nyama akapaa juu ya kundi la watu akaupiga ngumi hadi nje ya boksi. Nilijisikia nikipiga kelele. Hapo nilikuwa upande wake kweli, ingawa sikumbuki ni dakika gani nilivuka.

Ilikuwa sare tu, moja kwa moja. Lakini watu walitoka uwanjani wakiongea kwa sauti, na yule mama wa sukuma alimwambia mwenzake mbele yangu kwamba timu ya mwaka jana ingefungwa tatu.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ugonjwa uliosababishwa na ile chembe, na kwamba ningekuja mapema kazi ingekuwa nyepesi. Nilifanyiwa upasuaji. Naona sasa, si vizuri, kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafu chenye mvuke. Sikudaka tena mechi ya ligi. Nilibaki kufundisha makipa, na msimu ule tulimaliza katikati ya jedwali, mahali ambapo kwetu palikuwa pageni kabisa.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Burma mchana mmoja, bucha haina wateja. Yule kipa mkata nyama alikuwa akinoa kisu. Nilimwambia yale niliyomwombea siku ile. Nilimwambia yote, hadi ile furaha bao lilipoingia.

Aliendelea kunoa kidogo, kisha akajaribu makali kwa kidole gumba.

"Misimu sita nimekaa benchi nikikutazama," alisema. "Unadhani mimi nilikuwa naomba nini?"

Aliniuliza kama nitakula, nikasema ndiyo, na akaanza kukata.